Kumtafuta Askari Aliyeibeba Bunduki ya Kale

Anayerithi au kununua bunduki ya kale ya jeshi huwa na swali moja moyoni kabla ya mengine yote: ni nani aliyeibeba? Swali hilo hupata jibu mara chache kuliko watu wanavyodhani, ila linapopata jibu huwa ni kwa kazi ya macho, mikono na makaratasi. Bunduki yenyewe hukutajia kiwanda na mwaka bila shida. Kikosi itakitaja ikiwa jeshi lile lilikuwa na desturi ya kugonga alama za vikosi. Jina la mtu, kwa kawaida, haliko kwenye bunduki. Hupatikana pale tu alama iliyo kwenye chuma au mti inapokutana na maandishi ya wakati ule ule yaliyomo katika daftari la jeshi. Maelezo yafuatayo yanahusu namna ya kuyakutanisha hayo mawili, na mahali pa kusimama iwapo hayakutani.

Kabla ya kuisoma

Sheria za kumiliki silaha za kale hutofautiana baina ya nchi na nchi, hata kwa gobori lililokwisha umri wa kupiga, kwa hiyo ulizia kwa mamlaka zinazotoa leseni kabla hujainunua au kuisafirisha. Baada ya hapo hakikisha kwamba haina kitu ndani. Onyo hili si la kujaza nafasi. Baada ya mapigano ya Gettysburg ya Julai 1863, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, jeshi la Marekani lilihesabu bunduki 27,574 zilizookotwa uwanjani, na takriban 24,000 kati yake zilikutwa zimeshindiliwa, yaani zimejazwa baruti na risasi. Karibu nusu ya hizo zilikuwa zimeshindiliwa mara mbili, na moja ilikuwa na mishindo 23 mtutuni, mmoja juu ya mwingine. Bunduki za namna hiyo ziliingia majumbani mwa watu zikiwa na baruti yake, na baruti nyeusi ikikaa pakavu haizeeki upesi.

Kwa bunduki ya kushindiliwa kwa mdomo, iwe ya gumegume au ya fataki, chukua ufito mrefu wa mbao, uuteremshe mtutuni taratibu mpaka ugote, kisha utie alama ya penseli pale ulipo mdomo wa mtutu. Utoe ufito huo na uulaze ubavuni mwa mtutu kwa nje, alama ikilingana na mdomo. Ncha ikifika usawa wa tundu la moto, pale moto unapoingilia baruti, mtutu ni mtupu. Ikiishia sentimita tatu au nne kabla ya tundu, kuna kitu ndani, na kazi ya kukitoa ni ya fundi wa bunduki, si yako wala ya mdeki wako, ule ufito wa kushindilia.

Jambo la tatu ni kutoing'arisha. Najua hamu ya kuipiga msasa inavyomshika mtu, lakini alama unazozitafuta zina kina cha unywele, na brashi ya waya ya dakika tano hufuta kilichodumu miaka mia na hamsini. Mafuta mepesi kwenye kutu nyekundu yanatosha kwa sasa. Mti usiufanyie lolote.

Kuisoma bunduki

Subiri usiku, au funga madirisha. Weka bunduki juu ya blanketi, washa tochi moja tu, na uilaze tochi hiyo karibu kabisa na uso wa mti au chuma, ili mwanga upite ubavuni badala ya kushuka kutoka juu. Kitako kilichoonekana laini mchana kitajitokeza mabonde na matuta: michubuko ya kuangushwa, pembe zilizolika, na katikati yake mistari iliyonyooka mno kuwa ya bahati mbaya. Zungusha tochi pole pole. Mstari wa herufi unaopotea mwanga ukitoka kushoto huonekana ukitoka chini. Piga picha kwa kila pembe. Mahali ambapo picha haitoshi, tandaza karatasi nyembamba na uipitishie penseli iliyolazwa, kama watoto wanavyofanya na sarafu.

Pitia sehemu zote kwa utaratibu usiobadilika: bamba la mtambo wa kufyatulia, ubavu wa mtutu karibu na chemba, ubavu wa kushoto wa kitako ambako wakaguzi wengi walipenda kugonga mihuri, bamba la chuma au shaba lililo mwisho wa kitako, ukingo wa kifyatulio, pete zinazoshika mtutu, kichwa cha mdeki, na singe ikiwapo. Usifungue parafujo yoyote kama huna bisibisi inayoenea kwenye mfereji wake sawasawa, kwani parafujo iliyoharibika kichwa humwambia kila anayekuja baadaye kwamba bunduki ilifunguliwa na mtu asiyejua.

Utakachokiona hakitakuwa na uzito mmoja. Katika bunduki ya modeli ya 1861 ya Springfield, kiwanda cha serikali ya Marekani, tai, herufi U.S., neno SPRINGFIELD na mwaka kwenye bamba la mtambo ni alama za kiwanda. V na P kwenye mtutu ni za ukaguzi na jaribio la baruti. Herufi za mwandiko ndani ya fremu ubavuni mwa mti ni za mkaguzi, si za askari. Watu wengi wamewahi kutangaza kwamba wamepata herufi za jina la babu yao kumbe wamesoma za mkaguzi wa serikali. Kwenye bunduki za Uingereza, mshale mpana ni alama ya mali ya serikali, na mishale miwili iliyoelekezana ncha maana yake ni kwamba silaha iliuzwa nje ya jeshi.

Nambari ndizo zinazopoteza watu zaidi, nami nimo. Niliwahi kutumia miezi kadhaa nikiifuata nambari ya tarakimu tatu iliyogongwa upande wa ndani wa bamba la kitako, nikiamini ni ya askari, nikaandika barua, nikalipia nakala za orodha, hadi siku nilipofungua pete ya mtutu na kuikuta nambari ile ile kwa ndani, na tena chini ya mtutu. Ilikuwa nambari ya fundi aliyekuwa akiviunganisha vipande, ili visichanganyike na vya bunduki nyingine kiwandani. Kwa hiyo tenganisha mapema: nambari ya mfululizo hutolewa na kiwanda na kwa kawaida hukaa mahali pa wazi penye chuma kinene, nambari ya kuunganishia hujirudia kwenye vipande vingi, mara nyingi mafichoni, nambari ya silaha katika kikosi huwa fupi na hukaa mahali ambapo askari na mtunza ghala waliweza kuiona bila kufungua kitu, kama vile kwenye bamba la kitako. Ujue pia kwamba si kila bunduki ina nambari ya mfululizo. Springfield za 1861 hazina. Hakuna daftari la kiwanda litakalokupa jina la aliyebeba mojawapo, na anayekuuzia barua inayodai hivyo anakudanganya.

Kila jeshi na desturi yake

Jeshi la Ujerumani la kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia lilikuwa hodari wa kugonga alama. Maandishi kama B.8.R.4.110 kwenye singe au bunduki husomeka hivi: Bavaria, rejimenti ya 8 ya askari wa miguu, kombania ya 4, silaha ya 110. Yasiyo na B ni ya majeshi mengine ya dola ya Ujerumani, mengi yakiwa ya Prussia. Hapo umefika kwenye kombania yenye watu wasiozidi mia mbili na ushee bila kutoka chumbani mwako. Lakini 110 ni nambari ya silaha, si ya mtu. Askari alikwenda na mwingine akaja, na silaha ikabaki kwenye rafu yake. Daftari la kombania lililosema nani alipewa 110 kwa kawaida halipo tena, na hifadhi kuu ya nyaraka za jeshi la Prussia iliyokuwa Potsdam iliteketea kwa mabomu Aprili 1945. Kwa Bavaria hali ni nafuu, kwa kuwa nyaraka zake zilikuwa München na orodha nyingi za askari zimesalia.

Waingereza walitumia kisahani cha shaba kilichokazwa ubavuni mwa kitako, chenye ufupisho wa jina la rejimenti, nambari ya silaha na pengine mwezi na mwaka wa kutolewa. Katika bunduki ya Lee-Enfield fupi kisahani hiki kiliachwa wakati wa Vita vya Kwanza ili kupunguza kazi kiwandani, hivyo kutokuwapo kwake hakuthibitishi chochote. Jihadhari na kuilinganisha nambari ya kisahani na nambari ya askari. Hata kama zinafanana, kumbuka kwamba kabla ya 1920 kila rejimenti ya Uingereza ilikuwa na hesabu yake yenyewe, na nambari moja iliweza kuwa ya watu wengi kwa wakati mmoja.

Rahisi kuliko zote ni bunduki za Uswisi. Chini ya bamba la kitako la bunduki ya K31, iliyotengenezwa kuanzia miaka ya 1930 hadi 1958, mara nyingi pana kikaratasi chenye jina la askari, mahali alipoishi na kikosi chake. Fungua parafujo mbili, piga picha kabla hujakigusa, na kama kimeng'ang'ania kwenye mti kiache hapo hapo. Askari wa Uswisi aliondoka na bunduki yake alipomaliza utumishi, ndiyo maana nyingi zimegongwa herufi P kuonyesha kwamba sasa ni mali binafsi. Wengi wa watu hao wana watoto walio hai, na baadhi yao wenyewe waliishi hadi miaka ya karibuni; jina na anwani si vitu vya kutangaza kabla ya kuwasiliana na jamaa.

Kwa silaha za Marekani zenye nambari za mfululizo, kama bunduki za Sharps na Spencer, bastola za Colt na Springfield za modeli ya 1873, anzia kwenye orodha zilizokusanywa na watafiti wa Springfield Research Service kutoka nyaraka za serikali. Nambari ziliandikwa pale tu palipokuwa na sababu: silaha imeibwa, imepotea, imeharibika, au ofisa wa kombania alikuwa mtu makini. Ukikosa nambari yako ukakuta iliyo karibu nayo, usifurahi upesi. Wauzaji hupenda mno hoja ya nambari jirani, lakini silaha hazikupakiwa masandukuni kwa kufuata mfululizo, na nambari mbili zilizofuatana ziliweza kwenda kwenye ngome mbili zilizo mbalimbali. Bastola ya Colt inaweza kuandikiwa barua na kampuni yenyewe ikieleza tarehe na mahali ilikopelekwa. Ya miaka ya mwanzo huenda isipate jibu, kwani moto wa Februari 1864 uliunguza sehemu ya kiwanda cha Hartford pamoja na nyaraka zake. Silaha aliyojinunulia askari mwenyewe, kama bunduki za Henry za rejimenti ya 66 ya Illinois, ina nafasi kubwa zaidi ya kuwa na jina, kwa kuwa hakuna aliyemkataza mwenye mali kuichora mali yake.

Kutoka kwenye mti hadi kwenye karatasi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na nitaieleza kwa mfano wa kubuni. Tuseme una Springfield ya 1861, na kwenye kitako mwanga wa ubavuni umeonyesha herufi W.H., kisha Co. F, kisha nambari ya rejimenti na ufupisho wa jimbo.

Hatua ya kwanza ni orodha ya kombania. Majimbo mengi ya kaskazini yalichapisha baada ya vita orodha za askari wao, na Hifadhi ya Taifa ya Marekani ina jalada la utumishi la kila askari wa kujitolea. Kombania ilianza na watu wapatao mia moja, na kwa miaka mitatu wakaongezeka wengine badala ya waliokufa au kuugua. Andika wote wenye herufi W.H.; tuseme ni wanne.

Hatua ya pili huwapunguza. Kuanzia mwisho wa 1862 makombania yalitakiwa kupeleka Idara ya Silaha, kila baada ya miezi mitatu, hesabu ya aina za bunduki walizonazo, na muhtasari wa hesabu hizo umehifadhiwa. Ukikuta kwamba Kombania F ilikuwa na bunduki za Austria hadi katikati ya 1863 ndipo ikapata Springfield, basi W.H. aliyekufa Desemba 1862 hakuibeba hii. Wamebaki watatu. Aliyeachishwa kwa ugonjwa mwezi mmoja baada ya Springfield kufika hawezi kufutwa, ila mshushe chini ya orodha.

Hatua ya tatu ndiyo niipendayo, kwa sababu inahusu fedha, na fedha serikalini haikosi kuandikwa. Amri ya jumla nambari 101 ya tarehe 30 Mei 1865 iliwaruhusu askari wa Muungano, yaani upande wa kaskazini, kuondoka na silaha zao kwa kukatwa mshahara: dola 6 kwa bunduki ndefu, dola 10 kwa kabini (bunduki fupi ya wapanda farasi) ya Spencer, dola 8 kwa kabini nyingine na bastola. Makato hayo yameandikwa katika orodha ya kuvunjwa kwa kombania, kwenye mstari wa mhusika. Ukimkuta mmoja wa W.H. waliobaki amekatwa dola 6, na wenzake hawakukatwa, una hoja nzito. Na kama bunduki ilitoka katika wilaya alikozikwa, hoja hiyo sasa ina miguu miwili. Angalia pia makato ya silaha iliyopotea, kwa sababu aliyelipishwa bunduki iliyopotea mwaka 1864 alipewa nyingine baadaye, na yako ni mojawapo tu kati ya hizo mbili.

Majalada ya pensheni nayo ni ya kusomwa, hata kama bunduki haitajwi ndani yake, kwani hueleza mtu alihamia wapi, aliacha watoto gani, na mali ilirithiwa na nani. Picha ni ushahidi wa kupokewa kwa tahadhari. Wapiga picha walikuwa na bunduki za kuazimisha studioni, na picha za kale zilizopigwa juu ya bati hugeuza kushoto kuwa kulia, hivyo mtambo ulio kulia huonekana kushoto. Asiyejua hilo atadai ni silaha ya aina nyingine kabisa.

Uwe tayari pia kukuta pengo. Zaidi ya nusu ya majalada ya askari wa Uingereza wa Vita vya Kwanza yaliungua kwa mabomu London mwezi Septemba 1940, na yaliyosalia yako Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew, mengine yakiwa na kingo zilizobabuka. Huko St. Louis, Marekani, moto wa tarehe 12 Julai 1973 uliteketeza majalada yapatayo milioni 16 hadi 18, yakiwamo ya sehemu kubwa ya askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya 1912 na 1960. Katika hali hiyo geukia orodha za mishahara, za nishani, za majeruhi na magazeti ya mji alikotoka mtu.

Maandishi ya uongo

Jina hupandisha bei ya bunduki mara nyingi, kwa hiyo majina huongezwa. Chukua kioo cha kukuzia cha mara kumi na utazame mstari wa herufi unapokatana na mchubuko wa zamani. Mchubuko ukiwa umepita juu ya herufi na kuibonyeza, herufi ilitangulia. Kisu kikiwa kimepita ndani ya mchubuko na kuukata kingo, herufi ni ya baadaye, ingawa baadaye yaweza kuwa 1870 au juzi. Uchafu ndani ya herufi ya zamani huwa mgumu na wa rangi ile ile iliyo katika nyufa nyingine za mti; wa kupakwa hulainika kwa joto la kidole na wakati mwingine hunuka rangi ya viatu.

Makosa ya maarifa hufichua zaidi kuliko kioo. Rejimenti za Marekani ziliita makombania yao kwa herufi, lakini ziliiruka J, kwa kuwa mwandiko wa mkono uliifanya ifanane na I. Kitako chenye Co. J kimechongwa na mtu asiyejua hilo. Vivyo hivyo kwa rejimenti iliyovunjwa kabla ya mwaka uliogongwa kwenye mtambo. Tena, mtutu wa bunduki moja uliweza kufungwa kwenye mti wa nyingine karakana yoyote. Jina lililo kwenye mti ni la aliyebeba mti huo.

Hata bila uongo wowote, silaha hubadilisha mikono. Novemba 1914 huko Tanga, vikosi vya Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck viliteka kutoka kwa Waingereza bunduki za kisasa za kutosha kombania tatu na risasi zipatazo 600,000, na askari waliokuwa wakipiga Mauser za 1871 zenye moshi mzito wakapewa silaha za adui wao. Alama ya kikosi juu ya mojawapo ya bunduki hizo ingesema kweli tupu kuhusu mwaka 1913 na isiseme neno kuhusu 1915.

Kuandika ulichokipata

Wanaakiolojia waliochimba uwanja wa mapigano wa Little Bighorn huko Marekani, baada ya moto wa nyika wa 1983, walilinganisha alama za pini ya kufyatulia kwenye maganda ya risasi yaliyoachwa pale tarehe 25 Juni 1876, na kwa njia hiyo bunduki moja moja ikaweza kutofautishwa na mwenzake na kulinganishwa na zilizosalia mikononi mwa watu. Ni ushahidi wa kiwango ambacho wengi wetu hatutakipata kamwe, na bado husema tu kwamba bunduki ilikuwapo. Aliyeishika hakutajwa na ganda.

Kwa hiyo andika kwa ngazi, na usipande ngazi ambayo huna karatasi yake: bunduki ilitengenezwa wapi na lini, ilitolewa kwa kikosi gani, kwa ushahidi upi, ni watu gani katika kikosi hicho wanaopatana na alama, wote, hata wale usiowapenda, na ni yupi unayemwona wa karibu zaidi, na kwa nini. Masimulizi ya familia yaandike kama yalivyosimuliwa, pamoja na jina la msimulizi na tarehe, yakiwa mbali na yale uliyoyasoma kwenye nyaraka. Taja nambari ya jalada kwa kila nakala ili mwingine aweze kuliomba bila kukuuliza. Karatasi hizo zihifadhi pamoja na bunduki katika bahasha isiyo na tindikali, na usibandike chochote kwenye mti wake.